Sikio la Zuberi na Bendera ya Saa Kumi na Mbili

Hapa Kindu hakuna mtu aliyehudhuria mechi nyingi kuliko mimi. Waulizeni. Miaka kumi na tisa sijakosa Jumapili hata moja, iwe mvua, iwe jua, na kama ningezaliwa mwanaume wangekuwa wameshanipa filimbi zamani. Goli sijaona hata moja. Siku ya mechi naweka makaa na buli langu la kahawa nyuma ya goli la upande wa gare, stesheni ya treni, chini ya mlingoti wa bendera wa ofisi ya zone, wilaya yetu, na wateja wanasimama mbele yangu na vikombe vyangu mkononi. Mpira ninaoujua mimi ni migongo. Migongo ikiruka, tumefunga. Ikiinama, tumefungwa. Na hata hiyo migongo naitazama nusu nusu, maana mtu wa mpira akifurahi sana huondoka na kikombe.

Siku za kazi nahamia kwenye baraza la duka la Mgiriki. Mgiriki mwenyewe aliondoka pale serikali ilipogawa maduka kwa wenyeji. Aliyepewa duka akauza kila kitu, mpaka rafu, mpaka kengele ya mlango, akaliacha baraza kwa sababu halibebeki. Hapo njo kijiwe chetu.

Jumatano ile asubuhi walikuwa watatu, nami wa nne. Mzee Sumaili, karani mstaafu wa reli, tunayemwita Artikle, kifungu cha sheria, kwa sababu ana kitabu cha Kifaransa cha sheria za mpira. Kitabu kimekatika kurasa kuanzia ile ya kona, na mtu akianza habari za kona, Mzee Artikle anakwenda kukojoa. Wa pili, Zuberi, mbeba mizigo wa bandarini na beki wa Mamba wa Mikelenge. Jina lake la kijiweni ni Ukuta. Tangu Jumapili alikuwa amefunga kitambaa kwenye sikio la kushoto. Wa tatu, Kasimu, fundi wa kushona abakosti, zile suti za chama zisizo na tai, na njo yeye arbitre, mwamuzi wa mechi zote kubwa za hapa. Sisi tunamwita Filimbi. Siku ile Filimbi hakulia. Kahawa yake ilikuwa imepoa, na juu ya goti lake kulikuwa na karatasi nyeupe isiyo na neno.

“Bibi Buli,” Zuberi akaniambia, “nimiminie ile yenye tangawizi mingi. Hili sikio bado linaimba.”

“Linaimba wimbo gani, mujukuu wangu? Wa chama?”

“Usicheke, Bibi. Mpira wa Edouard ulipita hapa, fyuuu! Uliniparuza. Na mimi nilisimama kama nguzo ya simu. Muntu mwingine angeinama.”

“Muntu mwingine angekuwa na akili,” akasema Artikle.

“Mzee, ule ni uzalendo!”

“Jumapili ulisema mupira uliparuza sikio. Jumatatu ulisema ulipiga sikio. Jana ulisema ulisikia mufupa. Kesho tutakuzika.”

Hapo akaingia Mama Pélagie na beseni lake la samaki kichwani. Anauza samaki wa Lokandu, na habari za Lokandu, na habari za kila mahali, kwa hiyo tunamwita Redio. Akapanda baraza kwa haraka, mguu ukajikwaa chini ya benchi langu, samaki wawili wakaruka.

“Yesu wangu! Bibi Buli, hizi buti za nani? Umeingia polisi uzeeni?”

“Za mgeni,” nikasema. “Atazifuata.”

Artikle akatazama dari. Zuberi akatazama kikombe. Pélagie naye akaziona vizuri zile buti, nyeusi, za kiaskari, akafunga mdomo, jambo ambalo kwake si dogo. Nikazisukuma ndani zaidi kwa kisigino.

“Basi,” akasema, “muko hapa munakunywa, na dunia inawaka. Hamukusoma mulango wa ofisi ya zone?”

“Mulango uliandika nini?”

“Nimesomewa mara mbili ili nisipunguze.” Akasimama wima, akabana sauti puani. “‘Komite inamutafuta sitwayen aliyetikisika siku ya Jumapili wakati bendera ya taifa ilipokuwa inashuka. Ajitokeze mwenyewe kabla ya saa sita ya leo Jumatano. Asipojitokeza, komite inamujua.’”

“Kama inamujua, inamutafuta ya nini?” nikauliza.

“Bibi!” wakasema wote kwa pamoja, na kila mmoja akageuka kutazama barabara.

Zuberi akapeleka mkono kwenye kichwa polepole, kama mtu anayejikuna. Mkono uliposhuka, kitambaa hakikuwepo tena.

“Sikio limepona,” nikasema.

“Hewa ya asubuhi, Bibi.”

Sasa niwaeleze, maana ninyi hamkuwepo. Jumapili ile ilikuwa Kombe la Komisere. Mamba wa Mikelenge na Radi ya Kasuku. Mechi ilitakiwa kuanza saa tisa, lakini komisere wa zone alikuwa bado mezani, na bila komisere hakuna mpira, kuna kucheza ngoma za chama tu. Wasichana wakacheza, wakacheza tena, wakacheza mpaka goma likapasuka. Kwa hiyo dakika za mwisho zilikutana na saa kumi na mbili jioni. Bado sifuri kwa sifuri. Mbaraka, kipa wa Mamba, akaukumbatia mpira akaanza kutembea nao mbele ya goli lake la upande wa mto kama bwana harusi anayeonyesha kanzu. Artikle alihesabu hatua tisa. Sheria inampa nne. Kasimu akapiga filimbi: kufran, pigo la adhabu, mita tano tu kutoka mstari wa goli.

Mamba wote kumi na mmoja wakajipanga juu ya mstari, kati ya miti miwili, na nyuma yao wavu, ambao ulikuwa wavu wa kuvulia wa Pélagie, na siku ile ulinuka kuliko wachezaji. Edouard, mchimba madini ambaye Kasuku walimwazima kutoka Kalima, akaweka mpira chini. Kasimu akainua mkono. Kabla hajaweka filimbi mdomoni, filimbi nyingine ikalia, ya askari, kule kwangu chini ya mlingoti. Saa kumi na mbili.

Na mnajua sheria ya saa kumi na mbili. Popote ulipo unasimama, unaigeukia bendera, mikono kwenye mapaja, mpaka ifike mikononi mwa askari. Mwenye baiskeli anashuka. Mwenye jembe analiacha hewani. Uwanja mzima ukageukia gare. Kasimu akageuka. Ukuta wa Mamba haukuwa na kazi ya kugeuka, ulikuwa tayari unaitazama bendera, kumi na mmoja wameganda kama picha ya shule. Kati ya wachezaji mtu mmoja hakugeuka: Edouard. Kule Kalima bendera inashushwa kwa king'ora cha mgodi. Filimbi, kwa mtu wa Kalima, ni ya mpira tu. Akasikia filimbi, akapiga.

Bendera ilikawia kidogo njiani siku ile. Sababu yake tuliiona wote, na wote tukaiweka chini ya ulimi. Ilipofika, komisere akapiga makofi, nasi tukapiga, na tulipogeuka tukakuta mpira umelala ndani ya wavu kama kambare. Pembeni ya uwanja Florentin wa komite ya chama, sitwayen Florentin kama chama kinavyotaka kila raia aitwe, anakimbia na mikono juu: “Komisere amepiga makofi! Goli! Komisere amekubali goli!” Komisere alikuwa ameshaingia ndani ya gari lake. Nani angebisha? Kasimu akanyoosha mkono kuelekea kati ya uwanja. Moja kwa sifuri. Jumatatu Mamba wakapeleka malalamiko, na rapore ya arbitre, taarifa yake ya maandishi, ikatakiwa Jumatano saa sita.

“Mimi sielewi kitu kimoja,” akasema Pélagie, amekaa juu ya beseni lake lililogeuzwa. “Ile kufran haiko goli kwa nini? Mupira uko ndani ya wavu wangu. Wavu wangu haudanganyi. Nimevulia miaka sita.”

“Ilikuwa endirekti,” akasema Artikle, akafungua kitabu mahali ambapo kimezoea kufunguka. “Kipa akizidisha hatua, adhabu ni endirekti. Unapiga, lakini lazima muntu wa pili auguse kabla ya kuingia. Wa kwako ama wa adui, haizuru. Ukiingia peke yake, si kitu. Kipa anauanza upya.”

“Yaani mupira haupeleki barua mwenyewe.”

“Haupeleki.”

“Unatuma mushenga.”

Artikle akafikiri. “Njo hivyo. Mushenga.”

“Na Edouard alikwenda kuposa mwenyewe, na mguu wake, mbele ya wazee kumi na mmoja!”

“Watu wa Kalima,” akasema Zuberi. “Kule wanachimba mawe, adabu watachimba wapi?”

“Na kwa nini mulijibana wote pale mulangoni kama siku ya treni?” Pélagie akamgeukia. “Sheria haisemi mukae mita tisa?”

“Mita tisa na kidogo,” akasema Artikle.

“Goli iko mita tano nyuma yake! Wakae wapi mita tisa, ndani ya Lualaba?”

“Njo maana sheria inakubali ukae juu ya mustari, kati ya miti. Imefikiria.”

“Sheria iliyofikiria,” nikasema. “Andika tarehe, Mzee.”

Artikle akajifanya hakusikia. “Sasa, swali la rapore ni moja. Muntu wa pili yuko ama hayuko? Kama mupira ulimugusa beki mmoja kabla ya kuingia, goli ni goli. Kama haukugusa muntu, si goli.” Akafunga kitabu na kumtazama Zuberi juu ya miwani. “Na siku tatu sasa kuna muntu anazunguka mji mzima, bandari, soko, musikiti, anaonyesha sikio.”

Zuberi akaacha kunywa.

“Sikio langu?”

“Sikio lako njo mushenga, Ukuta. Wewe njo uliozesha ile harusi. Usiponyamaza, Mamba tumefungwa na sikio la beki wetu.”

“Lakini nilifikiri… nilisimama wima, Mzee! Sikutikisika!”

“Sikio lilitikisika ama halikutikisika?” akauliza Pélagie. “Maana komite inamutafuta aliyetikisika.”

Masikini. Alikaa katikati ya moto na mvuke. Akisema mpira ulimgusa, ameifungisha timu yake na watu wa Mikelenge watamchoma na maneno mpaka afe. Na aliyeguswa na mpira wa mchimba mawe akasema hakutikisika, nani atamwamini? Tena alikuwa baba wa siku kumi na mbili tu. Mke wake Mwanvua alikuwa bado kitandani na mtoto wa kike ambaye hajapewa hata jina la kuitwa.

“Nilifunga macho,” akasema kwa sauti ndogo.

“Unasema?”

“Nilifunga macho! Edouard anapiga kama treni. Nilisikia upepo. Upepo, Mzee! Nani anajua upepo ni wa mupira ama wa Mbaraka? Mbaraka alikuwa karibu, na alikuwa amekula maharage.”

Tulicheka, hata Artikle. Kasimu hakucheka. Akaiinua ile karatasi kutoka kwenye goti.

“Chekeni,” akasema. “Nikiandika goli, nimeandika kwamba mupira ulichezwa wakati wa bendera na arbitre akakubali. Hapo filimbi naipeleka ofisini na mwenyewe nabaki huko huko. Nikiandika si goli, nimeandika kwamba komisere alipiga makofi ya bure.”

“Lakini hayakuwa ya bure,” Zuberi akaanza, “alikuwa anamupigia yule…”

“Nyamaza!” Artikle akamkata. “Hilo haliko ndani ya kitabu.”

“Liko kwenye kurasa za kona,” nikasema.

Kila mmoja akatazama chini ya benchi langu, kisha kila mmoja akajuta kutazama.

Na hapo akatokea yeye. Tulimwona tangu kwenye kona ya posta, abakosti ya kijivu imepigwa pasi, faili chini ya kwapa. Florentin. Zamani alikuwa Florentin tu, akiimba misa. Majina ya padri yalipokatazwa akabadilisha la kwake mbele ya umati, kwa hotuba, na jina jipya ni refu kama treni ya mizigo. Mbele yake tunasema sitwayen tu, tusije tukasahau behewa moja. Nyuma yake tunamwita Jicho, kwa sababu hotuba zake zote huishia pale pale: chama kina macho.

“Sitwayen Jicho anakuja,” Pélagie akanong'ona, “samaki wangu wamefunga macho.”

“Wasitwayen, mabibi,” akasema Florentin, akaketi bila kukaribishwa. “Mama Buli, kikombe. Sitwayen Kasimu, rapore iko wapi?”

“Naandika.”

“Usichoke.” Akafungua faili, akatoa karatasi iliyopigwa kwa mashine. “Komite imekusaidia. Wewe weka sini tu, jina lako, hapa chini.”

“Soma,” akasema Artikle, “tusikie Kifaransa chake.”

Akasoma, anatafsiri njiani, mkono mmoja unapiga mapigo kama padri. Kwamba siku ya Jumapili, saa kumi na mbili kamili, beki wa Mamba wa Mikelenge, sitwayen Zuberi, alitikisa kichwa upande wa kushoto wakati bendera ilikuwa inashuka. Kwamba kwa kutikisa huko, mpira ulimgusa sikio la kushoto. Kwamba hivyo mtu wa pili alipatikana, sheria ilitimizwa, na goli la Radi ya Kasuku ni halali. Kwamba sitwayen Zuberi atafungwa kasho mwezi mmoja, ajifunze kusimama.

“Na Edouard aliyepiga?” akauliza Pélagie.

“Edouard alisharudi Kalima,” akasema Florentin. “Kalima si zone yetu.”

“Kumbe ukivunja sheria, muhimu ni usafiri.”

Zuberi alikuwa amesimama. “Sitwayen, mutoto wangu ana siku kumi na mbili. Mwezi mmoja? Mama yake hawezi hata kuchota maji.”

“Ungefikiria hivyo kabla ya kutikisika.”

“Nani aliniona?”

“Mimi. Kwa macho yangu. Iko imeandikwa.” Akagonga karatasi. “Sitwayen Kasimu, sini.”

Kasimu akashika kalamu. Mikono ile nimeiona ikitia uzi kwenye sindano gizani, haikosei. Siku ile ncha ya kalamu ilizunguka juu ya karatasi bila kutua. Akamtazama Zuberi, akatazama mstari wa sini. Kama angesaini, angelala nyumbani kwake, na filimbi yake, na Zuberi angelala kasho. Nikaona anaanza kuinama.

Nikachukua buli.

“Sitwayen, kikombe chako kiko mutupu. Niongeze? Kazi ya macho inachosha.”

“Ongeza, Mama. Wewe unajua kuheshimu.”

“Najua. Na tangu Jumapili najiuliza: uliona vizuri hivyo kutoka wapi?”

“Umesahau? Nilikuwa mbele yako, na kikombe chako mukononi.”

“Kikombe nakikumbuka. Hukukirudisha. Na sikio la Zuberi uliliona lilienda upande gani?”

“Kushoto! Lilienda hivi.” Akainamisha kichwa chake kuonyesha. “Mupira ukaliparuza, ukazunguka, ukapita juu ya bega la Mbaraka. Mbaraka alikuwa amefunga macho. Wa tatu kutoka kulia naye alifunga macho. Mimi sipitwi na kitu.”

“Mashallah,” nikasema. “Na bendera je?”

“Bendera? Macho yangu yalikuwa juu ya bendera, toka juu mupaka chini!”

Artikle akakohoa. “Samahani, sitwayen. Bendera iko upande wa gare. Sikio la Zuberi lilikuwa upande wa mto. Kati yao kuna uwanja mzima.”

“Na shingo moja,” akasema Pélagie.

“Kinyonga anaweza,” nikasema. “Jicho moja mbele, jicho moja nyuma.”

Florentin akaweka kikombe chini. “Munajua muko munaongea na nani? Nilitupa jicho mara moja tu! Mara moja, kama kazi inavyotaka. Kisha nikarudi kwa bendera, na sikuiacha tena mupaka ikafika kwa askari. Ni nani anasema niliigeuzia mugongo?”

“Hakuna,” nikasema haraka. “Mungu apishe mbali. Basi kama hukuiacha, ulimuona vizuri yule aliyepanda mulingoti.”

Lile neno tulikuwa tumelilaza chini ya ulimi siku tatu, mji mzima, na sasa lilikuwa limekaa mezani katikati ya vikombe. Pélagie akafanya ishara ya msalaba, iliyokatazwa ama haikukatazwa sijui.

“Nani alipanda mulingoti?” akauliza Florentin.

“Nakuuliza wewe.”

“Hakuna muntu alipanda mulingoti!” Akasimama, sauti inapanda. “Mulingoti wa bendera ya taifa? Apande nani? Huo ni uwongo! Ni uchochezi! Ni nani anaeneza hadithi hiyo, nipeni jina niandike!”

Na Kasimu, kwa mara ya kwanza siku ile, akainua kichwa.

“Bendera ilikwama, sitwayen,” akasema polepole. “Katikati ya mulingoti. Kamba iliruka kwenye gurudumu. Askari alipanda akaifungua, akashuka nayo kifuani. Komisere alimupigia makofi yeye.”

“Kwa muda mrefu,” akasema Artikle. “Miguu yangu ilikufa ganzi.”

“Uwanja mzima tuliona,” akasema Pélagie. “Kila muntu. Kila muntu aliyekuwa anaitazama bendera.”

Niliiona habari ikiingia ndani ya kichwa cha Florentin kidogo kidogo, kama maji ndani ya mtumbwi. Kwanza makofi. Kisha ile kelele ya “Goli! Komisere amekubali!” aliyopiga yeye mwenyewe. Kisha karatasi iliyo mbele yake, yenye “kwa macho yangu,” ambayo komisere angeisoma saa sita. Jasho likatoka chini ya kola. Halafu akacheka. Kicheko kikubwa, cha mikutano.

“Aaa! Yule! Munasema yule askari! Mimi nilifikiri munasema muntu wa ovyo. Namna gani nisimuone? Nilimuona! Alipanda kama mwanajeshi wa kweli, na buti zake, ko, ko, ko, mupaka juu!”

“Na buti zake,” nikasema.

“Buti nyeusi. Zilikuwa zinang'aa.”

Niliinama. Magoti yangu yanalia, kwa hiyo ilichukua muda, na hakuna aliyenisaidia. Kila mmoja alitaka kutazama. Nikazivuta zile buti kutoka chini ya benchi, nikaziweka mezani mbele yake, moja kila upande wa kikombe.

“Zinang'aa kweli,” nikasema. “Alinipa nimushikie kabla ya kupanda. Zilikuwa hapa, mapajani mwangu, wakati yeye yuko juu. Asubuhi yake wakamupeleka Lokandu kwa mashua ili asisimulie, hakupata hata nafasi ya kuzifuata. Miaka kumi na tisa, sitwayen, naangalia migongo. Jumapili wateja wangu wote walinigeukia, nikaona nyuso zao kwa mara ya kwanza. Kumbe Artikle hana meno ya mbele. Mugongo mumoja tu ulibaki. Abakosti ya kijivu, mushono wa nyuma umepinda.”

“Haukupinda,” akasema Kasimu. “Ule nilishona mimi.”

Na akaanza kuandika, kwenye karatasi yake nyeupe. Kalamu ilitua mara moja. Alisoma kwa sauti huku anaandika: kwamba kufran ilikuwa endirekti, kwamba arbitre hakuwa amepiga filimbi, kwamba hakuna aliyeugusa mpira, kwamba hakuna mtu wa ukuta aliyetikisika, na kwamba goli haliko. Zuberi alikaa chini polepole, kama mtu anayejaribu kiti kipya. Ile karatasi ya mashine Pélagie aliichukua bila kuuliza, akamfungia nayo Artikle samaki wake wa mchana.

“Hapa chini panataka shahidi,” akasema Kasimu. “Niandike: sitwayen wa komite, ambaye hakuondoa macho kwenye bendera. Njo hivyo?”

“Njo hivyo,” akasema Florentin. Sauti ilikuwa imeshuka.

“Basi tuambie tu, sisi kwa sisi, tujue shahidi wetu aliona,” nikasema. “Wakati ule anapanda, muguuni alivaa nini?”

Florentin akatazama buti. Akatazama miguu yetu, mmoja mmoja, kama mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani: malapa ya Pélagie, viatu vya reli vya Artikle, vidole vyangu mimi kwenye vumbi. Hakuna aliyemsaidia.

“Sandali?” akasema.